Dakika Moja ya Mzee Kemboi

Jumamosi hii, tarehe 31 Mei 1997, Bwana Eliya Kemboi anastaafu baada ya kuutumikia Ushirika wa Nafaka wa Koitoboss kwa miaka ishirini na mitatu na miezi miwili. Aliajiriwa Jumatatu tarehe mosi Aprili 1974, Siku ya Wajinga, na mpaka leo husema kwamba alipopewa barua ya kazi aliigeuza mbele na nyuma kwanza, aone kama ni mzaha. Haikuwa mzaha. Ilikuwa kazi ya kupima unyevu wa mahindi katika stoo ya Kitale, na aliifanya miaka mitano bila kulalamikia kitu ila vumbi.

Nimeombwa kuandika wasifu huu mimi, Zaitun Muhdhar, karani wa tawi la Bungoma, ingawa ndimi ambaye nusura nimtoe Mzee katika kazi aliyoipenda. Nitafika hapo. Nimeona afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa madereva.

Mwaka 1979 Ushirika ulinunua redio za mawasiliano kwa ajili ya makao makuu ya Kitale na matawi ya Suam, Kabuchai, Myanga na Bungoma. Akatafutwa mtu wa kukaa nazo. Ujanani, katika stesheni moja ya reli, Kemboi alikuwa amejifunza msimbo wa Morse, ile lugha ya mlio mfupi na mlio mrefu. Redio zetu hazikuhitaji Morse hata kidogo, lakini wakubwa waliona kwamba anayeelewa ti-ti-taa hawezi kushindwa na sauti ya binadamu. Akapewa chumba kidogo kilichopakana na draya, ile mashine ya kukaushia mahindi, kiti kimoja, na saa ya ukutani.

Hapo ndipo ulipozaliwa mwito wa asubuhi. Kila siku saa mbili na robo huita tawi moja baada ya jingine, nalo hueleza magunia yaliyoingia, lori liko wapi, na kama mvua imenyesha. Tawi lisipojibu, huandika "kimya" na kuendelea. Akishamaliza yote, humrudia yule aliyenyamaza, humwita tena kwa jina, kisha hungoja dakika moja nzima huku akitazama saa. Wakati mmoja redio ya Myanga ilikaa kwa fundi mwezi mzima, tena fundi mwenyewe yuko Kitale, mtaa wa pili tu kutoka ofisini. Bado Myanga iliitwa kila asubuhi, ikangojewa.

Meneja wetu, Bwana Ndung'u, hakuipenda dakika hiyo. Mwaka 1986 alitoa waraka kwamba tawi lililo kimya lisiitwe mara ya pili, kwa kuwa wakati ni mali. Kemboi aliusoma, akautia sahihi, na kesho yake akaanza mwito saa mbili na dakika kumi na nne. Dakika iliyobaki ikawa yake mwenyewe, na waraka haukuwa na la kusema.

Aprili 1988 mvua ilikata barabara ya Suam. Tawi likawa kimya siku mbili, na kila mtu akasema redio imelowa. Siku ya tatu, katika dakika ile, Kemboi alisikia mvumo wa redio ukikatika ghafla, ukarudi, ukakatika tena. Kumbe karani wa Suam, Bi Cheptoo, alikuwa hai na redio yake nzima, ila panya walikuwa wametafuna waya wa kipaza sauti. Aliweza kubonyeza kitufe, lakini sauti haikutoka. Kemboi akamwambia abonyeze mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa hapana, akaanza kumhoji polepole. Maji yameingia stoo? Ndiyo. Yamefika kwenye magunia? Bado. Umekula? Hapana. Trekta liliondoka Kitale na maturubai kabla ya saa tatu, na juu ya maturubai palikuwa na mkate mmoja mkubwa. Magunia elfu moja na mia nne ya wakulima yalipona. Cheptoo bado husimulia: "Watu wote walikuwa wameniandika nimepotea, Mzee peke yake ananiuliza kama nimekula." Waraka haukufutwa rasmi, ila tangu siku hiyo Meneja akawa anampelekea chai kwa mkono wake.

Sasa nije kwenye mambo ya angani. Mwaka 1981 Kemboi alinunua redio kuukuu ya masafa mafupi kutoka kwa mtawa aliyekuwa akihama Kitale. Alitandaza waya juu ya paa la nyumba yake kule Endebess, na akawa anasikiliza satelaiti ndogo iliyorushwa miaka ya sabini na chama cha wapenzi wa redio wa ng'ambo. Ilipopita juu yetu ilisikika kama robo saa hivi, ikitaja kwa Morse tarakimu za joto lake na hali ya betri yake. Yeye huziandika katika daftari na kuwatumia wenyewe kwa posta. Mkewe, Mama Jelimo, aliizoea haraka. "Mimi niliongezewa mke mwenza," alituambia, "lakini si mbaya, huyo hawezi kula ugali yangu."

Mwaka 1983 satelaiti ikanyamaza. Chama chake kikaandika katika jarida kwamba betri imekufa, kikaiaga. Mnamjua Mzee. Kila Jumamosi, kwa miaka kumi na mmoja, alipiga hesabu ya saa ambayo ingepita, akafungua redio, akaingojea dakika yake moja, akaandika "kimya", akaenda kukamua ng'ombe au kupalilia.

Jumamosi tarehe 12 Novemba 1994, muda mfupi kabla ya saa sita, ikaita.

Alipokuja kazini Jumatatu alikuwa na uso wa mtu aliyepata mjukuu. Alileta redio yake ofisini, akaipata satelaiti tena, akatuma barua ng'ambo. Jibu lilikuja kabla ya Krismasi, la heshima sana: satelaiti ile ilikufa zamani, huenda anasikia mashine fulani ya karibu, je, yuko mwingine aliyeisikia mahali pengine? Fundi wetu wa umeme, Kipruto, alikuwa na jibu tayari: "Mzee, si hiyo ni draya yetu tu, bana."

Na mimi sikukaa kimya. Asubuhi moja mwezi huo wa Desemba, katikati ya mwito, nilisema redioni: "Ati satelaiti imefufuka? Mzee, hiyo ni masikio imezeeka." Nilitaka wacheke, na matawi yote yakacheka. Nilisahau kwamba ulisemalo redioni halisikiwi na mtu mmoja. Bwana Ndung'u alikuwa ameketi pale pale kando ya Mzee na kikombe chake. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wiki hiyo hiyo iliamuliwa kwamba mwendesha redio asiyejua kutofautisha draya na mwito hawezi kukabidhiwa maisha ya matawi, na kwamba kuanzia tarehe mosi Februari Mzee Kemboi arudi kupima unyevu wa mahindi hadi atakapostaafu.

Nililia, nisiwafiche. Mzee hakunilaumu. Alinipigia simu akaniuliza kama paa la stoo ya Bungoma lina mahali pa kufunga waya.

Bungoma hatuna draya. Aliazima redio ya pili, akaifunga katika gunia la pumba ili isigongwe, ikaja kwa lori la Ushirika pamoja na maelezo ya kurasa sita. Meneja, kwa haki yake, alikubali jaribio na hata akaongeza masharti: Kitale draya izimwe, Kipruto asimame kando ya swichi, na karatasi zote mbili tutakazoandika, yake na yangu, zifungwe katika bahasha zisifunguliwe ila mbele yake. Jumamosi tarehe 14 Januari 1995, saa nne na dakika ishirini, nilivaa hedfoni Bungoma na Mzee akavaa zake Kitale. Sikujua Morse. Niliagizwa tu niandike kistari kifupi kwa mlio mfupi na kirefu kwa mrefu.

Kwa muda kulikuwa na mvumo mtupu. Nilitazama saa yangu, nikaelewa kwa mara ya kwanza dakika moja ni ndefu kiasi gani. Ndipo ukaja mlio mwembamba, ti-ti-taa, ukishuka taratibu kama honi ya lori linalopita. Niliandika mpaka nyuma ya fomu ya mizani ikajaa.

Bahasha zilifunguliwa Jumatatu. Tarakimu zilikuwa zile zile, ila makosa matatu, yote yangu. Bwana Ndung'u alizisoma mara mbili, akaagiza barua ya uhamisho irudishwe, akatoka kwenda kuleta chai. Miezi minne baadaye ikaja kadi kutoka ng'ambo, imeandikwa Kitale na Bungoma, pamoja na maelezo. Betri ilikuwa imekufa kweli, na ilikuwa ikimeza nguvu yote ya mabamba ya jua; ilipooza zaidi ikakatika, na nguvu hiyo ikafika moja kwa moja kwenye redio. Satelaiti ikiwa juani husema. Ikiingia kivulini hunyamaza. Kadi ile imetundikwa chumba cha redio, na Mzee ametuachia.

Ametuachia pia Bi Chepkorir, ambaye amemfundisha kazi ya redio mwaka mzima. Kwa zawadi, Ushirika unampa Mzee ile redio ya Suam ya mwaka 1988, imewekwa kipaza sauti kipya na itafungwa nyumbani kwake Endebess.

Mzee Kemboi, tunakushukuru kwa kutuita. Jumatatu ni mapumziko ya Madaraka. Jumanne saa mbili na robo Chepkorir ataita Suam, Kabuchai, Myanga na Bungoma, kisha ataita Endebess na kungoja dakika moja nzima. Kama uko kwa ng'ombe au mdomo umejaa ugali wa Mama Jelimo, huna haja ya kusema neno. Bonyeza mara moja, tujue umekula. Uishi salama, Mzee wetu, wewe na wake zako wawili, wa nyumbani na wa juu.