Maisha ya Subiri, Aliyeandika Maelezo ya Kila Chaguo

Ndugu, majirani na mliofanya naye kazi, familia imenipa mimi kuwasomea maisha ya mwenzetu, kwa kuwa mume wake amesema hataweza na wengine wote waliangalia chini, basi walioko mlangoni wasogee ndani, mwenye simu aizime, nitasoma mara moja tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1983, mtoto wa tatu wa mdogo wangu, na mdogo wangu alipofariki mwaka 1992 nikamchukua mimi, akiwa na magauni mawili na jino moja lililolegea, na tangu hapo aliniita Mama, ingawa mimi ni mama yake mkubwa. Jina la Subiri alipewa na wenzake wa kazini, kwa sababu ndilo neno alilolitoa kila alipomwona mtu ananyoosha kidole kubonyeza kitu ambacho hajakisoma, likamganda hadi nyumbani, wanawe nao wakawa wanamwita hivyohivyo mpaka baba yao akawakataza.

Alisoma shule ya msingi ileile niliyosoma mimi nikaishia hapo, akamaliza mwaka 1997, sekondari akamaliza mwaka 2001, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, kisha akaenda chuo cha uhazili, akatoka mwaka 2004 na cheti pamoja na maumivu ya mgongo. Alichapa barua za mawakili hadi mwaka 2010, alipoajiriwa na kampuni ndogo inayotengeneza programu za kompyuta, watu sita juu ya duka la viatu, ngazi nyembamba kiasi kwamba mkikutana katikati mmoja lazima arudi chini.

Alikwenda kama katibu muhtasi, lakini vijana walioitengeneza programu yao hawakupenda kuieleza, wakamsukumia yeye. Wengi wenu hamkujua kazi yake, mlidhani anarekebisha kompyuta, basi ilikuwa hivi, ile programu inafananisha mafaili ya kompyuta mbili, kilichopo upande huu kiwepo na upande ule, haina picha wala vitufe, unaandika amri kwenye skrini nyeusi, na mwisho wa amri unaongeza machaguo, hili la kuonyesha kinachoendelea, hili la kuruka folda usiyoitaka, hili la kujaribu kwanza bila kugusa kitu, na kila chaguo lazima mtu aandike linafanya nini, mtu huyo alikuwa yeye. Jumapili alikuja kwangu kunisomea nikichambua mchele, akasema chaguo hili hutunza muda wa faili, nikamuuliza muda gani, wa kula au wa kulala, akasema Mama, ni muda faili lilipoguswa mara ya mwisho, nikamwambia sasa si uandike hivyo, akakata, akaandika.

Alifunga ndoa tarehe 3 Desemba 2011 na fundi umeme aliyekuja pale ofisini kutengeneza swichi, akaja kuitengeneza mara tatu, na haikuwa mbovu kiasi hicho. Walijaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 2013 na wa kiume mwaka 2016, wote wako hapa mbele, wamekula, msiwaulize tena kama wamekula.

Mwaka 2021 lilitokea jambo ambalo familia iliniambia niliruke, nami sitaliruka, kwa sababu ndilo lililomkaa mwenzetu kifuani hadi mwisho. Kuna chaguo la kufuta, na yeye alikuwa ameandika kwamba huondoa upande wa pili mafaili yasiyohitajika, hilo hakunisomea. Mpiga picha mmoja mwenye studio alinunua kompyuta mpya, akataka kuhamishia humo picha zake zote, akaandika amri kinyume, upande mtupu ukawa wa kwanza, yaani ule unaofuatishwa, na chaguo la kufuta akaliweka kwa kudhani linasafisha takataka, programu nayo ikaona upande huu hakuna kitu, ikafuta upande ule kila kitu, harusi za watu, watoto wa watu, na watu ambao hawapo tena kupigwa nyingine. Alipanda zile ngazi, hakupiga kelele, akauliza nani kaandika haya, marehemu akasema ni mimi, akamuuliza, dada, yasiyohitajika na nani.

Siku ileile aliandika upya, akaja kwangu siku ya kazi, mchele hata sijautoa, akanisomea, nami nawasomea. Chaguo hili litafuta upande wa pili kila kitu ambacho hakipo upande huu, kama upande huu ni mtupu, upande wa pili nao utabaki mtupu, na kilichofutwa hakitarudi, tumia kwanza chaguo la kujaribu, soma litakachokuonyesha, ndipo uamue. Nilimwambia hapa sina swali. Lakini mkurugenzi wake alisema maneno hayo yasubiri toleo jipya la programu, wateja wakiona maelezo yamebadilika ghafla watauliza kulikoni, na toleo jipya likawa linasogezwa mbele, huku kila anayenunua akipewa maneno yaleyale ya zamani.

Ugonjwa wa ini ulianza Februari 2022, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Mwenzake tunayemwita Miwani alikuwa anakuja kumwona, na marehemu badala ya kumwomba maji alimuuliza wamebadilisha, Miwani akasema bado dada, marehemu akageukia ukutani. Alisema kuna mtu mahali fulani anaisoma ile sentensi sasa hivi. Alifariki tarehe 14 Mei saa nne asubuhi, nikiwa nimetoka kujaza chupa ya maji, nikarudi nayo, nikaiweka mezani, bado ipo mezani kwangu, imejaa.

Juzi mkurugenzi alikuja msibani, akanipa pole, akasema Mama tumeshayaweka maneno yake. Nikasema nionyeshe. Akanionyesha kwenye simu, nikavaa miwani, nikateremka na ukurasa mpaka chini kabisa, baada ya machaguo yote, ndipo nikayakuta, na pale penye chaguo lenyewe hakuna kitu. Nikamuuliza, baba, mtu asome akishafuta? Akasema Jumatatu watapanga vizuri, nikamwambia Jumatatu sisi tutakuwa tumeshamzika. Alimpigia Miwani palepale, amekaa kwenye kiti cha plastiki, majirani wanaosha masufuria, nami sikuondoka mbele yake mpaka nilipoyaona yamepanda juu, mahali pake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa yule muuguzi mfupi aliyekuwa anamgeuza bila kumuumiza, majirani kwa maji na kuni, wafanyakazi wenzake kwa turubai na viti, na mkurugenzi kwa usafiri wa leo. Namshukuru na mpiga picha, ambaye yumo humu, hakualikwa na mtu, na ndiye aliyetoa picha ya marehemu iliyo juu ya jeneza, aliyompiga mwenyewe siku marehemu alipokwenda studio kwake kumwomba radhi.

Mwanangu, yamewekwa, nimeyasoma kwa macho yangu. Pumzika sasa, kwa amani.