Shangazi Aliyewapokea Askari Uraiani

Tarehe thelathini mwezi huu, mkuu wa idara yetu ya ufuaji atavua koti lake jeupe na kustaafu, akiwa ametimiza miaka ishirini na tisa ya utumishi. Sisi wa kitengo cha usafirishaji, ambao miaka hiyo yote tumekuwa tukipakia magarini vile alivyovifua yeye, ndio tuliopewa heshima ya kuandika maneno haya. Tunadhani tulichaguliwa kwa sababu hakuna waliogombana naye kutuzidi.

Jina lake limo kwenye kitambulisho cha kazi, ila wanaolitumia ni watu wa mishahara tu. Kwa wengine wote yeye ni Shangazi. Lilianza na binti wa kaka yake, aliyekuja kufanya kazi ya muda wakati wa likizo ya chuo. Binti alikuwa akimwita kwa sauti ya kushindana na vikaushio, na kabla likizo haijaisha kiwanda kizima tulikuwa watoto wa kaka yake. Hata mkurugenzi, aliyemtangulia kuzaliwa, anamwita Shangazi, tena kwa adabu zote.

Alianza kama mkunjaji mashuka. Akahamia kwenye mashine, akawa msimamizi wa zamu, kisha mkuu wa idara. Chini yake tulipata kazi ya hospitali mbili na hoteli tano, na tukaacha kupoteza mito. Tulipopeleka vitambaa vya meza za harusi hospitalini, na mavazi ya chumba cha upasuaji hotelini, hakupiga kelele. Alipanda gari pamoja na dereva, akaenda kuomba radhi mwenyewe. Alirudi akicheka, akisema nusura bwana harusi ahudumiwe na madaktari.

Lakini kuna jambo moja ambalo tungependa kulieleza kwa kituo, kwa sababu wafanyakazi wapya wanaliona kama lilikuwepo siku zote.

Miaka kumi na moja iliyopita, mkurugenzi alirudi kutoka kwenye mkutano wa waajiri akiwa na wazo zuri. Kampuni yetu ingeajiri wanajeshi wanaomaliza utumishi. Walikuja wanne. Kulikuwa na hotuba, picha ya pamoja na soda. Halafu kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, na wale wanne wakaachwa wajijue. Baada ya miezi mitatu alibaki mmoja.

Huyo tulimwita Sajenti, maana ndicho kilikuwa cheo chake. Jeshini aliongoza watu thelathini. Hapa alivishwa aproni na kuwekwa chini ya msimamizi wa zamu, binti aliyekuwa ametoka chuo mwaka uleule. Siku ya kwanza alimwitikia, "Ndiyo, Afande!" kwa sauti iliyojaa ukumbi. Binti akageuka kuangalia ni nani aliyeingia nyuma yake.

Sajenti hakuchelewa, hakulalamika, wala hakuuliza swali. Sote tulidhani mambo yanamwendea vizuri.

Wakati huo Shangazi alikuwa mtu wa maneno laini. Hakuwa na agizo ambalo halikuanza na samahani. Siku moja alipita karibu na Sajenti, aliyekuwa akijaza mashine, akamwambia, "Samahani baba, ukipata nafasi, naomba unifungie ile koki ya tangi la nyuma." Akaenda zake kupokea wageni wa hoteli.

Tangi lilifurika. Maji yalipita chini ya mlango yakaingia chumba cha kufungashia, ambako mashuka ya hospitali yalikuwa yamepangwa sakafuni kwenye mafurushi, yameshapigwa pasi, yanasubiri gari letu. Yakaloa yote. Hospitali walikaa wakisubiri mpaka jioni, na simu walizotupigia siku ile haziandikiki kwenye jarida la wafanyakazi.

Shangazi alimfuata Sajenti huku viatu vyake vikitoa maji.

"Kwa nini hukufunga koki?"

"Uliniambia nikipata nafasi, Mama. Sikupata."

"Hukujua kwamba ni lazima?"

"Ungesema ni lazima, ningeacha kila kitu."

Waliokuwa karibu walicheka. Shangazi hakucheka. Sajenti aliwatazama wale waliocheka, mmoja baada ya mwingine, kisha akavua aproni, akaikunja pembe kwa pembe, akaiweka juu ya mashine na kutoka nje.

Uongozi ulikutana siku ya pili. Wengi walikuwa wameshaamua. Walisema watu wa jeshi wamezoea kusukumwa, hawawezi kazi ya kutumia akili zao. Shangazi aliomba wasiamue mpaka arudi, kisha akachukua mkoba wake akaenda nyumbani kwa Sajenti.

Sajenti alikuwa akiishi kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la kutengeneza simu. Mkewe ni fundi cherehani, na alimpokea mgeni huku tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Sajenti hakuwepo. Shangazi ametusimulia mara nyingi maneno ya mama yule, nasi tunayaandika kama tulivyoyasikia.

"Dada yangu, mume wangu haogopi kazi. Anaogopa kukosea kitu ambacho hakuna aliyemwambia. Jeshini akikosea, anajua amekosea nini na nani atamkaripia. Huko kwenu anarudi jioni, namuuliza siku ilikuwaje, anasema hajui. Hajui kama amefanya vizuri au vibaya. Wote mnamchekea tu."

Sajenti alipoingia na kumkuta bosi wake kwenye kochi, alisimama mguu sawa mlangoni pake mwenyewe. Shangazi naye akasimama.

"Nimekuja kukuomba radhi," alimwambia. "Lile lilikuwa agizo. Nililitoa kama ombi, halafu nikakuacha ubebe lawama."

"Mama, pale kazini kila mtu ananiomba," alisema Sajenti. "Sijui ombi lipi ni ombi."

Mkewe aliangua kicheko kutoka kwenye cherehani. "Mimi nilishajifunza. Nikitaka kitu nasema nataka!"

Basi wakacheka wote watatu, na Shangazi akanywa chai yake. Lakini anasema njiani kurudi alilia kidogo, akiwafikiria wale watatu walioondoka bila hata kuulizwa kwa nini.

Mbele ya mkurugenzi hakuzunguka. Alisema koki ile aliiacha wazi yeye, na kama kuna wa kufukuzwa kwa maji yale, waanze naye. Kisha akaomba miezi sita ya kuwapokea wanajeshi kwa namna yake. Mkurugenzi, ambaye hajawahi kushinda ubishi naye, alimpa.

Alianza na ulimi wake mwenyewe. Agizo lilitamkwa kama agizo: nini kifanyike, kiishe lini, na ukikwama umwone nani. Jambo la lazima liliitwa la lazima. Vijana waliligeuza neno hilo kuwa mzaha, wakawa wanaambiana ni lazima mtu aende kuchukua chai, lakini makosa yalipungua hata kwa sisi tusiowahi kushika bunduki. Kumbe nasi tulikuwa tukibahatisha.

Sajenti aliporudi kazini, akampa mwenza wa kumwelekeza. Hakuwa bosi, alikuwa mkunjaji mashuka wa siku nyingi, mama mwenye maneno mengi, wa kuulizwa yale ambayo mtu huona haya kumuuliza mkubwa wake. Swali la kwanza la Sajenti lilikuwa kama inaruhusiwa kukaa wakati mashine inazunguka. Miezi mitatu yote alikuwa akisubiri kwa kusimama wima, kwa kuwa hakuna aliyemwambia mguu pande. Yule mama alimvutia kiti, akamwambia akae, na akae vizuri.

Lilikuwepo pia suala la mlipuko wa mvuke. Valvu ya pasi kubwa ikifunguka hutoa kishindo cha ghafla, na mara mbili Sajenti alionekana amejitupa nyuma ya toroli. Shangazi hakuitisha kikao kumjadili mtu mbele ya wenzake. Alimwambia fundi umeme afunge kengele ya kulia kabla valvu haijafunguka, akatutangazia kwamba ni usalama wa wote. Aliyeuliza ilikuwa kwa ajili ya nani alijibiwa kwamba ni kwa ajili ya wenye masikio. Aliweka na mwiko mmoja: hakuna kumuuliza mtu aliona nini vitani. Akitaka kusema, atasema. Na mwenye miadi kliniki aende saa za kazi, bila kutunga kwamba amefiwa.

Yule msimamizi binti alimjia Shangazi akiwa na hofu ya kumwamuru mtu wa umri wa baba yake. Shangazi aliwakalisha wawili ofisini kwake. Sajenti ndiye aliyelimaliza. "Cheo nilikiacha getini," alimwambia binti. "Umri nimekuja nao. Wewe niamuru, ila niamkie." Wakaelewana mpaka leo.

Hatua iliyotugusa sisi ilitokana na fomu ya maombi ya kazi ya Sajenti. Penye uzoefu alikuwa ameandika maneno mawili tu, "Nilikuwa jeshini," na watu wa ajira wakaona hana ujuzi. Shangazi alimuuliza swali la kawaida kabisa: ukiamka asubuhi, ulikuwa unafanya nini? Ikaonekana kwamba kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuhamisha watu, chakula, maji na mahema, barabara ikiwepo au isiwepo. Siku ileile Shangazi alishuka kwetu, akaegemea gari na kutuambia, "Nimewaletea mtu wenu. Mlimficha kwenye sabuni." Leo Sajenti ndiye mkuu wa usafirishaji. Tumemkatalia kuyasoma makala haya kabla hayajachapishwa.

Wale watatu wa mwanzo, Shangazi aliwatafuta mmoja mmoja. Wa kwanza alishapata kazi kwingine na alifurahi kusikia sauti yake. Wa pili, mwanamke aliyekuwa dereva wa malori jeshini na ambaye sisi tulimpa kazi ya kukunja foronya, alikubali kurudi. Mnamwona kila siku kwenye lori letu kubwa, akirudi kinyumenyume kwenye geti ambalo wengine tunaligonga. Wa tatu hakupatikana. Namba yake ilikuwa imefungwa, na kwenye nyumba aliyopanga walikuwamo watu wengine. Tangu hapo, kila mgeni anapokuja kuusifu mpango wetu, Shangazi humtaja huyo wa tatu. Huwaambia wageni kwamba kampuni iliyompiga mtu picha siku ya kwanza ilitakiwa imuulize hali siku ya kumi. Mkurugenzi, na hili ni sifa kwake, hajawahi kumwomba aache kulisema hilo.

Wameshapita mikononi mwake wanajeshi wastaafu wapatao ishirini. Si wote waliokaa, na si kila aliyeondoka aliondoka kwa heri. Yupo kijana aliyegombana na kila zamu tuliyomweka, na mpaka leo Shangazi hajui ni kitu gani kingine angejaribu. Bado humpigia simu. Wakati mwingine hupokea.

Sasa zamu ni yake. Wiki iliyopita, kwenye meza ya chai, alikiri kwamba Jumatatu ya kwanza inamtisha. Mtu aliyeamka kwa ajili ya mashine miaka yote hiyo ataamka kwa ajili ya nini? Tulianza kumtania, lakini Sajenti hakutania.

"Mwanzoni utajiona kama umesahauliwa," alimwambia. "Nilikuwa hivyohivyo. Utakasirikia watu wasiokukosea kitu, utamkasirikia hata mzee nyumbani. Usinyamaze nayo, Shangazi. Nipigie simu."

Shangazi akajibu, "Nitapiga." Ndiyo mara ya kwanza tumemwona akikubali kusaidiwa bila ubishi.

Kazi haijamwacha kabisa. Umoja wa waajiri umemwomba azungumze na kampuni nyingine kuhusu namna ya kuwapokea wanajeshi wanaorudi uraiani. Amekubali kwa sharti moja. Hataki kuletewa wakurugenzi. Anataka wasimamizi wa zamu, kwa sababu ndio wanaomwona mgeni akiingia asubuhi, na ndio wanaojua mchana alikula na nani. Mumewe, fundi saa aliyestaafu kabla yake, ametutumia salamu kwamba anamsubiri nyumbani, na kwamba angalau yeye ameshazoea kuamriwa.

Shangazi, uongozi na wafanyakazi tunakushukuru kwa mashuka, kwa ugomvi, na kwa watu uliowakalisha kitini ukawauliza habari zao mpaka mwisho. Tunakutakia afya njema, usingizi usiokatizwa na king'ora cha zamu, na mlango ambao haukosi mgeni. Na kama siku moja ile namba itaita na yule wa tatu akapokea, mwambie nafasi yake bado ipo.