Kiazi cha Bio Kimezaa Ugomvi

Ilianza Alhamisi tarehe 14 Agosti, saa kumi na robo jioni, Bake alipofanya kosa la kusoma ujumbe wa simu kwa sauti. Alikuwa ameketi kwenye benchi la Yon muuza kahawa, kando ya barabara ya mji wa Nikki iendayo sokoni. Benchi lenyewe limeshikiliwa na tofali, na wateja wake wameshikiliwa na umbea. Ujumbe ulitoka maabara ya chuo alichosomea. Ulihusu kiazi kikuu ambacho marehemu baba yake, Bio, alikichimba msituni kikiwa chembamba na chenye miiba, akakifuga shambani misimu mitatu, kila mwaka akikilaza juu ya kigae ili kinenepe badala ya kuzama ardhini. Kesho yake asubuhi wakulima wa mtaa wangekutana kuvipa viazi vipya majina. Bake alitaka hiki kiitwe Bio. Baba yake mkubwa, Sabi, alitaka kiitwe Sabi.

— Rudia hapo, alisema Sabi. Maabara wanasemaje?

— Wanasema vinasaba vinaonyesha mama yake ni kiazi cha msituni, baba mkubwa. Baba yake ni kiazi cha shambani.

— Shamba la nani?

— Hilo hawawezi kulijua.

— Watajuaje na hawajauliza? Shamba gani liko ukingoni mwa msitu kama si langu? Jamani, mmesikia wote. Kiazi changu kimezaa nje!

Orou alishusha kikombe. Alikuwa seremala, lakini mtaa mzima ulimwita Waziri, kwa sababu hajawahi kujibu swali bila kwanza kutaka iundwe kamati.

— Kumbe viazi navyo vina madume?

— Vina, Waziri. Mmea huu dume, ule jike. Wadudu ndio wanaopeleka chavua.

— Basi wadudu ndio washenga.

— Washenga wa wapi? Yon alidakia huku akitoboa kopo la maziwa. Hakuna mahari iliyotoka. Huo ulikuwa uhuni tu.

— Uhuni au si uhuni, mtoto ni wa baba, alisema Sabi. Halafu mimi ni Sabi, jina la mwana wa pili. Marehemu alikuwa Bio, jina la wa tatu. Tangu lini wa tatu akamtangulia wa pili?

 Bake alijua angenyamaza angeokoa nguvu za kesho. Ila kunyamaza mbele ya kosa kulimshinda tangu darasa la kwanza.

— Tusikimbilie baba peke yake, alisema Waziri. Tuite ukoo mzima. Tuanze na ndugu zake wa tumbo moja: muhogo na kiazi kitamu.

— Hao si ndugu zake, Bake alisema.

— Wote wanakaa chini ya udongo!

— Hata panya anakaa chini ya udongo. Kiazi kitamu kiko karibu zaidi na nyanya na pilipili kuliko na kiazi kikuu.

— Mungu wangu, alisema Yon. Na mimi jana nimekipika na nyanya. Nimechemsha familia nzima.

— Sasa ndugu zake halisi ni akina nani, msomi? aliuliza Waziri.

— Wapo wengi. Kuna hata kimea kidogo cheupe kama mzuka. Hakina jani la kijani, hakijitengenezei chakula. Kinanyonya kuvu wa ardhini maisha yake yote.

— Shemeji yangu huyo! Waziri alijipiga paja. Kabisa! Ana mwaka wa nne sebuleni kwangu!

Benchi lilicheka mpaka tofali likasogea. Waziri, akiona mzaha wake umewapendeza, akapanda juu zaidi.

— Mimi nasema hivi: sisi wenyewe tumetokana na kiazi. Mtazameni Sabi. Shingo fupi, kiuno hakuna, na mvua ikinyesha anavimba.

— Umeona? Sabi alishangilia, hata hakukasirika. Tunafanana! Huo ushahidi unaishinda maabara. Kesho nasimama wima, nawaambia: tazameni kiazi, nitazameni mimi.

Hapo Dikko, mama wa Kifulani auzaye jibini, alikuwa amefika na kulitua beseni lake. Alisikiliza mpaka kahawa yake ikapoa.

— Samahani, alisema. Hicho kiazi kina ladha gani?

Yon aliacha kukoroga. Waziri alimtazama Sabi. Sabi alimtazama Bake.

— Si... baba yako alikula?

Bake alikumbuka mwaka wa kwanza: kilirudi kwenye tuta kuwa mbegu. Mwaka wa pili, mbegu. Wa tatu, mbegu, na baba yake akicheka: mwakani tutakionja. Mwakani hakufika.

— Hakuna aliyekionja, alisema.

— Na kikiwa kichungu? aliuliza Dikko.

Sabi alikohoa.

— Unajua, mwanangu, nimefikiri. Marehemu alihangaika sana na kile kiazi. Kikiwa kichungu, kiitwe Bio tu. Mimi sina haraka.

Bake hakulala vizuri. Aliona kila nyumba ya Nikki ikilitema jina la baba yake.

Asubuhi, kabla ya kuswaki, alifukua tuta moja la baba yake, akakata kiazi chini ya shingo na kukifukia kichwa kizae mbegu. Alikichemsha bila chumvi, asije akajidanganya. Akala kipande. Akakaa akisubiri ulimi uwashe. Kilikuwa laini, chenye utamu unaochelewa kidogo. Akala cha pili, na cha tatu akilia, kisha akafunika sufuria na kuelekea mkutanoni.

Njiani alimkuta Sabi ameshafika benchini kwa Yon.

— Vipi? alinong'ona. Kichungu?

— Sana, baba mkubwa.

— Pole, mwanangu. Basi nenda kakiite Bio.

Akaenda.