Udongo Mweusi Ulio Chini ya Kifusi

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe binti yangu mkubwa zima hiyo redio, maana sauti yangu haina tena nguvu ya kushindana na mtu. Nyumba mtagawana kwa amani, hilo halininyimi usingizi. Kinachoninyima ni lile eneo la mgodi.

Mnajua nilikuwa dereva wa tingatinga pale tangu mgodi unafunguliwa mpaka unafungwa. Kabla ya kuchimba, mimi ndiye niliyekwangua udongo mweusi wa juu, nikauweka lundo lake peke yake, ili siku ya kufunga urudishwe juu, nyasi ziote, swala na pundamilia warudi, na mifugo yetu ipate malisho. Siku hiyo ilipofika, lundo lile lilikuwa karibu na shimo kuliko kifusi, yale mawe na udongo mkavu tuliotoa shimoni. Jua lilikuwa kali, nilitaka kuwahi nyumbani, nikasukuma la karibu kwanza. Udongo mweusi wote ukaenda chini, kifusi kikakaa juu. Nilijua ninachofanya.

Zikapandwa mbegu za nyasi, zikagoma. Wakaguzi walipouliza, nikasema mbuzi wa mdogo wangu wamekula chipukizi. Baba yenu mdogo akafukuzwa malishoni mbele ya watu, nami nimesimama pale nikitazama. Akahama na mifugo yake, na huu mwaka wa kumi na moja hajakanyaga hapa. Nanyi mlikua mkimwita Bwana Jangwa, na mimi nikicheka pamoja nanyi. Hilo linaniuma kuliko maradhi haya.

Basi shikeni maneno yangu. Upande wa machweo, usawa wa ile karakana ya zamani, fukueni. Kimo cha watu wawili kwenda chini mtaukuta ule udongo mweusi. Uzeni ng'ombe mkodi tingatinga, na wewe kitinda mimba uliyerithi kazi yangu uliendeshe mwenyewe: kifusi kando, mweusi juu, hata kama wameshakuita kula. Mtaalamu wa mimea aliniambia mbegu za humo zimeshakufa, kwa hiyo mtapanda upya. Mifugo isitiwe humo mpaka nyasi zikomae. Waacheni swala watangulie.

Nipeni maji kidogo... Inatosha.

Binti yangu, umesema baba yako mdogo yuko njiani. Akinikuta nimekata kauli, mketisheni kwenye kiti changu, mumwombe radhi kwa lile jina, kisha mseme mbele ya majirani wote kwamba mbuzi wake hawakula kitu. Hakikuota kitu cha kuliwa.

Mungu awaweke... awaweke pamoja. Mkono hauinuki, wanangu. Leteni vichwa vyenu hapa mkono ulipo.

Na akiuliza mbona sikumwita miaka yote hii, msinitungie maneno. Mwambieni... niliona aibu.