Kituo cha Doria na Usingizi wa Bi Shamsiya

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Kamanda Methusela wa kikosi cha doria, Shekhe wetu wa kata, Mchungaji, wazee wangu shikamooni, ndugu wageni waalikwa na wanakijiji wenzangu: itifaki izingatiwe. Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi mbunge wenu, Imakulata, binti wa mkata mkonge wa Pongwe, nimeitwa kukata utepe wa kituo hiki. Najua wengine mnanong'ona huko nyuma kwamba wabunge kazi yao kulala tu. Haya, leo nimekuja kuuzungumzia usingizi wenyewe, maana ndio kipimo changu cha ulinzi wa nchi.

Mnalikumbuka joto la kaskazi, zamani tulipokuwa tukilala uani? Nilikuwa nikija likizo kwa shangazi yangu, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Mkeka chini, kanga juu, upepo unapanda kutoka pwani, mtu anaanza kusimulia jambo wala halimalizi, kwa kuwa wasikilizaji wanampotea mmoja mmoja, na mwisho anapotea hata yeye mwenyewe. Sijapata tena kulala vile, hata kwenye hoteli za Dodoma.

Kisha zikaja mashua zisizo na namba, zikishusha watu tusiowajua, na baruti za wavuvi haramu zikapasua bahari hata vikombe vikagongana kabatini. Mikeka ikaingizwa ndani, madirisha yakafungwa, kijiji kizima kikalala kwa jasho. Bi Shamsiya binti Himyar, yule pale safu ya mbele, aliniambia, "Mwanangu, miye siku hizi silali, nasinzia tu kama kuku." Maneno hayo nikaenda nayo Bungeni.

Kule kwenye kamati mwenzangu mmoja akanikabili: "Mheshimiwa, boti ya doria au zahanati?" Ni swali la haki, sitalifanyia mzaha. Nilimjibu kwamba mgonjwa naye anahitaji kulala, na kwamba tahadhari ni kabla ya hatari. Bajeti ikapita, boti ikaja. Kamanda, vijana wako walifanya kazi. Haukupita muda mikeka ikarudi uani. Nilipoiona nikatamani nchi nzima ilale hivyo, kutoka Jasini hadi Msimbati, askari peke yake akiwa macho, naye akijua anamlinda nani. Nilifurahi, sifichi.

Lakini mnajua kwa nini leo Bi Shamsiya hapigi makofi? Wiki iliyopita mwanawe Nadir, fundi seremala wetu, alishuka pwani kupunga upepo, doria ikamkuta hana kitambulisho, akapandishwa kwenye boti ileile niliyoipigania. Tangu hapo mama amezunguka kila kituo, na kila mlango anajibiwa, "Hayupo hapa." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Sisemi Nadir hana kosa. Sijui, na kusema kweli wala ninyi hamjui. Kama analo, hakimu yupo. Ninachouliza ni kimoja: je, tulinunua boti ili mama huyu alale, au ili akose hata lepe la usingizi? Ulinzi unaomficha mtu, mama yake asijue alipo, mimi siwezi kurudi Bungeni kuuombea fedha zaidi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kituo hiki nakipenda na tunakihitaji.

Kamanda, ndugu yangu, sikukusudia kukuaibisha mbele za watu. Nimebisha ofisini kwako mara mbili, nikaambiwa nisubiri sherehe ipite. Sasa sherehe ndiyo hii. Pilau iliwe, watoto wacheze, wageni wasiondoke na njaa. Utepe tu ndio utakaosubiri. Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio.

Bi Shamsiya, mama yangu, pokea mkasi. Utaukata wewe, siku utakapomwona Nadir kwa macho yako.