Moto wa Zenon Kwenye Chupa

Benchi la kahawa liliegemea ukuta wa mashine ya kusaga ya ushirika, pale Sumbawanga. Tangu soko huria liingie na ushirika ufilisike, mashine ilikuwa imefungwa, na Zenon, aliyekuwa fundi wake, akabaki na spana na redio. Redio ndiyo iliyomwambia kwamba wataalamu wa ng'ambo wamepata nguvu za nyuklia ndani ya chupa ya maji, bila dizeli, bila joto la kutisha. Usingizi ukamwisha. Aliwatoa maksai wake wawili wa kulimia, akapewa betri ya lori na kipande cha waya ambacho mtu wa Tunduma aliapa kuwa ni madini yenyewe yaliyotajwa redioni. Asubuhi hii alitua chupa kwenye benchi, akaunga nyaya. Maji yakaanza kutoa mapovu.

— Shikeni, aliwaambia wanywaji kahawa.

Wilibrodi, dereva asiye na gari, waliyemwita Gia, aliigusa.

— Ya moto, mshikaji!

— Maji ya wapi? aliuliza Bundala, mfugaji waliyemwita Profesa.

— Ziwa Rukwa. Redio ilisema yawe mazito.

— Hapo umepatia! Yale yana chumvi, mazito kuliko uji. Mji mzima utawaka taa.

— Mji tu? Gia alidakia. Namanyere, Kaengesa, kote! Zambia watakuja kutuomba umeme.

— Zambia ni wadogo. Tutavuta waya mpaka Ulaya, wazungu waote moto.

Zenon alicheka, mara ya kwanza tangu mashine ifungwe. Ndipo Cornelia, mkewe, akatokea, miguu imejaa tope la shambani Pito.

— Shikamoo, mzee Bundala.

— Marahaba, mama. Njoo uone maajabu ya mumeo.

Cornelia aliigusa chupa, akaitazama betri.

— Baba Leonardi, ukitoa betri, bado yanapata moto?

Zenon alichomoa waya mmoja. Mapovu yakakoma. Aliikumbatia chupa kwa viganja vyote viwili, kama anayempasha mtoto joto, akahisi baridi ya Ufipa ikiingia taratibu kwenye kioo.

— Labda waya, alinong'ona Gia.

Bundala aliangalia pembeni. Mfugaji huyo alijua maksai wawili ni kitu gani.

— Mvua imeshuka jana, Cornelia alisema polepole. Majirani wote wako shambani. Sisi tunalima na nini?

Muuza kahawa aliinamisha birika. Likatoa machicha ya kahawa tu.