Mvumo wa Kisanduku cha Mwisho

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliotoka mbali, familia imemtuma binti wa pekee wa marehemu asome historia hii, naye anaomba mumvumilie, kwa kuwa ndani yake pana jambo ambalo hata mama yake hajawahi kulisikia.

Marehemu, mliyemzoea kwa jina la Fundi Kimya, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa nne wa mlinzi wa stesheni hiyo. Alianza shule Januari 1959, akaingia shule ya ufundi mwaka 1967, na huko alifukuzwa wiki mbili kwa kuifungua redio ya mwalimu mkuu, ingawa aliirudisha ikisema vizuri kuliko mwanzo.

Tarehe 3 Mei 1971 aliajiriwa na kituo cha redio, akatunza mitambo ya studio miaka ishirini na sita, na alipostaafu alihamia chumba cha nyuma ya duka la ushonaji la mkewe, aliyefunga naye ndoa tarehe 9 Desemba 1978, wakampata binti huyu mwaka 1982. Humo alitengeneza vikuza sauti vya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, yaani visanduku vinavyoipokea sauti changa ya santuri na kuilea kabla ya kuikabidhi kwa ampli kubwa inayoendesha spika. Alishikilia kwamba kisanduku kizuri hujulikana kwa kimya chake: transfoma ikae mbali, nyaya ziwe fupi, zile za ardhi zikutane mahali pamoja, na valvu zipewe muda wa kupata joto. Kila alipomaliza kimoja alifungua sauti hadi mwisho bila santuri, mkewe akasimamisha cherehani, wote wakabana pumzi, naye akatega sikio kwenye spika, na akisikia mvumo alibomoa na kuanza upya. Wateja walinung'unika, ila hakuna aliyewahi kurudisha kazi.

Tarehe 20 Januari 2019 alikamilisha kisanduku cha arobaini na moja, cha mkewe, aliyekuwa amengoja zamu yake zaidi ya miaka ishirini, maana kinyozi hajinyoi. Akatega sikio, akasikia mvumo. Mkewe alisema hasikii kitu, akajibiwa kwamba masikio yake ni ya cherehani, kisha marehemu akamgeukia binti, aliyemfundisha kazi hiyo mwenyewe, na binti, ambaye naye hakusikia chochote, aliona aibu kumwambia baba yake kwamba masikio yamezeeka, akasema, "Kidogo, baba, kwa mbali."

Neno hilo lilimtosha. Alikibomoa mara tisa, akabadilisha valvu, akahamisha transfoma, kichwa kikimuuma, akikataa kwenda hospitali mpaka amalize, na kila alipouliza, binti alirudia uongo uleule, kwa kuwa maji alikwisha kuyavulia nguo. Tarehe 16 Mei alianguka kwenye benchi lake, na daktari akaeleza kwamba kulikuwa na mshipa uliovimba kichwani, na kwamba huo ndio uliokuwa ukivuma, sauti ya damu yake mwenyewe tu. Marehemu alicheka kwa shida, akasema kumbe kisanduku kilikuwa kizima, mbovu ni yeye, kisha akamtazama binti yake kwa muda mrefu, asimuulize kitu. Alifariki tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi. Kama ile miezi minne ingebadilisha chochote, binti hajathubutu kumuuliza daktari, na anaogopa kwamba hatathubutu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kituo cha redio, na majirani waliopunguza redio zao kila fundi alipotega sikio. Mama anaombwa msamaha hapa, mbele ya watu. Kisanduku chake kiko pale mezani, kimewashwa tangu saa mbili, sauti imefunguliwa hadi mwisho, na atakaye aende akasikilize. Binti ametega sikio mara tano tangu asubuhi, na hasikii kitu, baba, wala kwa mbali.

Pumzika katika kimya chako.